Mpaka Mbogo Aanguke

Baba yangu, mzee Ngusa, hakosi shabaha. Naanza na hilo ili hasira zangu zieleweke mapema. Tangu nimepata akili nimemwona akiangusha mbogo kwa risasi moja na kurudisha bunduki begani kama mtu aliyemaliza kufunga mlango. Sasa siku hiyo mbogo dume alisimama ubavu mzima mbele yetu, karibu kiasi kwamba hata mimi ningempata kwa jiwe, na risasi ya Baba ikapita juu ikaenda kuvunja tawi la mninga. Mbogo alitutazama kidogo kwa dharau, ambayo kusema kweli tulistahili, kisha akawafuata wenzake. Enock, askari wa wanyamapori tuliyepewa atusindikize, akasema upepo umegeuka. Baba akakubali haraka kwamba ni upepo. Upepo gani? Majivu aliyoyadondosha kuupima yalikuwa yameanguka wima miguuni pake.

Porini na Baba hatusemi mengi, na sababu yake lazima niieleze.

Ukoo wetu una mwiko wa uwindaji. Ukishavuka shamba la mwisho kuingia porini, habari za nyumbani unaziacha nyuma. Hutaji mgonjwa, hutaji mtoto, hutaji aliyekufa wala aliyeposwa, mpaka mnyama aanguke. Akishaanguka mnakaa karibu naye, kila mwenye neno analitoa, na wengine wanalazimika kulisikiliza mpaka mwisho. Mkirudi mikono mitupu, neno ulilokwenda nalo linalala hadi msimu mwingine. Baba mdogo Amosi aliwahi kwenda porini na habari kwamba amepata mchumba. Wakarudi bila hata digidigi, na habari ikalala mwaka mzima. Mchumba akachoka kusubiri, akaolewa na fundi baiskeli wa Masumbwe. Ukoo mzima unacheka mpaka leo, isipokuwa baba mdogo Amosi.

Kwa Baba pia jambo hili halina kicheko. Babu yangu alipigwa pembe na mbogo muda mfupi baada ya mwenzao mmoja kutaja kwamba mtoto wake nyumbani ana homa. Baba, wakati huo kijana, ndiye aliyembeba mgongoni mpaka barabarani, na babu hakufika barabarani akiwa hai. Tangu hapo Baba ameushika mwiko ule kuliko anavyoishika Kwaresima. Unaweza kuamini au usiamini. Mimi mwenyewe sijui kama naamini, lakini nimelelewa nao na mdomo wangu unautii bila kuniuliza.

Na mimi nilikwenda porini na neno.

Naitwa Violeth, mtoto pekee wa Ngusa na marehemu Philomena. Ninaishi Mwakitolyo, machimboni, na tangu mume wangu alipofuata dhahabu mpya asikokujua mtu, kazi yangu imekuwa kuponda mawe. Wanaume wanayatoa shimoni, sisi wanawake tunayaponda kwa nyundo mpaka yawe kokoto, kisha yanapelekwa karasha kusagwa yawe unga. Tunakaa chini ya turubai tumejipanga, khanga tumezifunga puani, tunawasengenya wanunuzi wa dhahabu na viatu vyao vilivyochongoka. Jioni tukisimama hatutambuani kwa weupe wa vumbi. Nilikuwa naona fahari kwamba nimejenga chumba changu na ninamsomesha binti yangu Rebeka kwa nyundo. Nilijua vumbi linaingia kwenye nywele na kwenye ugali. Sikujua linakoishia.

Daktari alinionyesha picha ya kifua changu kwenye mwanga. Akasema si kifua kikuu, ingekuwa afadhali kingekuwa hicho kwa sababu kina dawa. Mapafu yameshika vumbi la mawe, yanageuka kuwa magumu, na hayarudi. Nikamuuliza nina muda gani. Yeye akaniuliza nina watoto wangapi. Nikaelewa.

Basi nilikuwa na mambo mawili ya kumwambia Baba uso kwa uso. La kwanza, kwamba nitamtangulia. La pili, kwamba Rebeka, aliye darasa la tatu na asiye na mtu mwingine chini ya jua hili, namwachia yeye, na nilihitaji kumsikia akikubali. Jirani yangu Euphrasia ni mwema, alikubali kukaa naye nikiwa safarini, lakini ana watoto wake watano na mume mlevi. Mtoto hawezi kuachwa pale kwa maisha. Nilimpigia Baba simu nikamwambia nina jambo, ninakuja. Katikati ya maneno kikohozi kikanishika, kikanishika kweli, mpaka nikaishusha simu sikioni. Nilipoirudisha, Baba alikuwa kimya. Halafu akasema nije, ila ameomba kibali cha mbogo, kwa hiyo tutakwenda porini kwanza, mengine tutayaongelea huko mbele ya safari.

Nilifurahi kama mjinga. Baba hakuwa amewinda tangu Mama afariki. Zamani, kabla sijaolewa, tulikuwa tunakwenda wote kila kiangazi, mimi nikibeba maji na matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, yeye akinifundisha kuweka kisigino chini polepole ili jani kavu lisilie. Nikadhani mzee amenikumbuka. Nikapanda basi mpaka Kahama, nikaunganisha mpaka Ushirombo, na bodaboda ikanifikisha nyumbani. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba akiwa ameinama anafunga mizigo. Hakuniangalia usoni, na usiku aliingia kulala kabla sijamaliza kula. Kesho yake asubuhi gari la kukodi likatupitia, Enock akiwa ameshakaa mbele, na kabla sijapata pa kuanzia tulikuwa tumelivuka shamba la mwisho.

Pori lile liko mbali upande wa magharibi. Miyombo, nyasi zilizoungua, mbung'o, kisha miyombo tena. Tulitundika turubai karibu na mto uliokauka ukabaki madimbwi. Sijawahi kuwa mpweke kama nilivyokuwa pale, na kwetu Mwakitolyo upweke naujua. Ukiwa mpweke peke yako unaweza kujizoea. Lakini kukaa upande wa pili wa moto na mtu aliyekuzaa, mnakula sufuria moja, na neno lako limekaa kifuani na hana nia ya kuliuliza, hilo lilinishinda. Tulizungumza kuhusu chumvi. Tulizungumza kuhusu mti fulani uliokuwepo na sasa haupo. Enock, ambaye ni kijana wa watu na anapenda maongezi, alijaribu kuuliza hali ya machimbo, na Baba akamjibu kwa niaba yangu kwamba hapa tupo porini.

Kisha kilikuwepo kikohozi. Nchi hii mtu akikohoa hata hatua mbili mbele yako unamwambia pole, ni kama kupumua. Enock aliniambia pole mpaka nikamwonea huruma. Baba hakuniambia hata mara moja. Kila nilipoanza kukohoa alikumbuka ghafla kwamba dumu la maji halikufungwa vizuri, au risasi zinahitaji kufutwa, na akanyanyuka. Nilimkasirikia sana kwa hilo. Nilijiambia mzee amekuwa jiwe, na mawe mimi nayafahamu.

Tulipokuwa tunatembea yeye alitangulia, mimi nikifuata, Enock nyuma. Mwanzoni nilidhani amezeeka, kwa sababu kila baada ya kipande alisimama, akainama kuchunguza nyayo. Alikuwa anachuchumaa pale muda mrefu, anagusa mchanga kwa kidole, anatikisa kichwa kama mtu anayesoma kitu kigumu. Mimi nilishukuru, maana nilipata nafasi ya kuegemea mti na kutafuta pumzi. Safari moja nilifika karibu kabla hajanyanyuka, nikachungulia ili nami nione. Palikuwa na mchanga mtupu. Hapakuwa na nyayo za mbogo, wala za sungura. Aliponiona nimechungulia, akasimama na kuendelea na safari.

Siku iliyofuata baada ya ile ya mninga tulilikuta kundi tena, katika uwanda wa nyasi fupi. Baba akapiga goti. Mimi nilikuwa kando yake, si nyuma kama siku zote, na ndiyo maana niliona. Alilenga vizuri. Mtutu ulitulia kwenye bega la mbogo, mahali penyewe, pale aliponifundisha mwenyewe nikiwa mtoto. Kisha, kabla ya kufyatua, akaupandisha. Kwa makusudi, taratibu, kama unavyoinua mkono kumpisha mtu. Risasi ikaenda mbinguni na kundi likatimka.

Enock alikuja mbio. Akasema kwa upole, bila kuniangalia, kwamba labda kikohozi cha dada kimewashtua.

"Siyo kikohozi chake," Baba akasema, kwa ukali ambao haukumfaa kijana yule. "Ni mkono wangu."

Jioni ile Enock, akitaka kunifariji, aliniambia nisimlaumu mzee kwa kukosa kwake, kwani kibali chenyewe amekihangaikia mno. Alikuwa anafika ofisini kila asubuhi, kabla hata karani hajafungua, anaomba asaidiwe haraka, anasema binti yake anakuja na hawezi kukaa naye nyumbani kabla hawajaingia porini. Enock alilisema hilo kama kitu cha kuchekesha. Mimi nilikuwa nakoroga ugali, mwiko ukasimama mkononi. Kumbe siku ile ya simu hapakuwa na kibali chochote. Alikitafuta baada ya kunisikia nikikohoa.

Hapo nikaelewa yote, na ungedhani ningelainika. Sikulainika. Nilishikwa na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mzazi wangu. Alijua. Alijua tangu simuni, na alinileta mahali pekee duniani ambapo sina ruhusa ya kumwambia, na mnyama ambaye angenifungua mdomo anampisha apite. Tukirudi mikono mitupu neno langu lingelala mpaka kiangazi kijacho. Kiangazi kijacho mimi siko. Na Rebeka je? Nilitaka kulitamka palepale mbele ya moto, mwiko na uvunjike. Nilifungua mdomo kweli. Baba akaniona, na uso wake ukawa uso wa mtu anayemwona mbogo amemgeukia babu. Nikaufunga. Nikamwambia ugali umeiva.

Siku ya mwisho ya kibali tulizunguka tangu alfajiri bila kuona kitu. Jua lilipoanza kulegea tukamkuta mmoja, dume mzee aliyefukuzwa na kundi, amelala kwenye tope la dimbwi, masikio yamechanika, ndege wadogo wanamtembelea mgongoni. Baba akamwashiria Enock abaki kwenye kichuguu, kwa kuwa watu watatu ni wengi. Tukaenda sisi wawili, tukitambaa. Kila pumzi niliyovuta iliingia nusu. Nilibana kikohozi kwa khanga mpaka machozi yakanitoka, kwa sababu sikutaka kiwe kisingizio chake.

Tulijilaza nyuma ya gogo. Yule mzee wa tope akanyanyuka, maji yakimchuruzika, akasimama ametupa ubavu. Baba akaweka bunduki juu ya gogo.

"Piga, Baba," nikamnong'oneza.

Niliona kidole chake kikienda na kurudi.

"Ukipandisha mtutu nitaona."

Mbogo akapiga mkia wake upande huu na upande ule.

"Nikimwangusha utasema," Baba akasema.

"Nitasema."

"Basi simwangushi, mayu."

Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Ndivyo alivyokuwa akiniita nikiwa mdogo, na ndivyo alivyomwita mama yake mzazi. Sikuwa nimelisikia tangu nilipoolewa. Nikamtazama. Baba yangu alikuwa analia, si kwa sauti, machozi yalikuwa yanapita tu kwenye mikunjo na kuingia kwenye ndevu. Akaitoa risasi, akaitia mfukoni.

Ningeweza kusema wakati ule. Nataka ijulikane kwamba ningeweza, na kwamba nilitaka, kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilikuwa nimechoka kulibeba lile neno peke yangu. Nilitaka mtu mmoja tu duniani alisikie lote, aulize maswali ya kijinga, aseme labda daktari amekosea, anishike kichwa. Lakini mbogo alikuwa pale, mita chache, mzima na mwenye pembe, na Baba alikuwa ameitoa risasi bundukini. Kama ningelisema mbele ya pembe zile angeona babu anakufa mara ya pili. Nikauma khanga. Mbogo akanywa maji mpaka akatosheka, akaingia kwenye miti bila haraka, na tukabaki tunatazama tope linavyojifunga mahali alipokuwa amelala.

Enock aliposogea hakuuliza kwa nini hakukuwa na mlio. Nadhani alikuwa amemwona mzee akijifuta uso. Katika gari alijitahidi kutuambia kwamba uwindaji ni bahati na kwamba msimu ujao upo. Baba akasema ndiyo, upo. Mimi niligeukia dirishani. Tulivuka shamba la kwanza la pamba, tukaanza kukutana na watu na baiskeli na mbuzi, na ruhusa ya kutaja habari za nyumbani ikawa imerudi kwa kila mtu ila mimi.

Nyumbani palikuwa kimya. Mzee anaishi na sahani moja, kikombe kimoja na redio. Nyuma ya zizi lipo kaburi la Mama, lililosakafiwa kwa saruji aliyoichanganya Baba mwenyewe, na upande wake wa kushoto amepaacha pakavu, pasipolimwa. Nilidhani siku zote ni pake. Nilimsalimu Mama kimoyomoyo, nikaoga, nikalala. Nilikuwa nimeamua kuondoka na basi la asubuhi. Nilikuwa nimeshindwa. Ningekwenda kumtafutia Rebeka mahali pengine, ingawa sikujua pa kuanzia, na njiani ningelia kama mtu yeyote anavyolia ndani ya basi, kwa kujifanya usingizi.

Asubuhi niliamshwa na kelele ya vitu vinavyoburutwa. Nikatoka na mfuko wangu. Baba alikuwa katika kile chumba kidogo kilichokuwa changu nikiwa msichana, ambacho tangu niolewe kimekuwa stoo ya magunia ya pamba. Magunia yote yalikuwa nje uani. Alikuwa amefagia, na vumbi lilikuwa limeinuka mpaka mlangoni. Aliponiona akatoka haraka, akavuta mlango nyuma yake, akanisimamisha mbali, upande ambao upepo ulikuwa unatoka.

"Usiingie huko mpaka litulie," akasema.

Nikamwamkia. Akaitikia. Alikuwa na kitanda cha kamba amekiegemeza ukutani, kile changu, amekikaza kamba mpya. Nilikitazama, naye akanitazama nikikitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nifike hakutafuta dumu wala risasi ya kufuta.

"Rebeka hulala upande gani?" akauliza. "Wa ukutani au wa mlangoni?"

Nikauweka mfuko wangu chini. Akaendelea mwenyewe, sasa akizungumza na kitanda zaidi kuliko na mimi, kwamba shule ya hapa si mbaya, na ameshaongea na mwalimu mkuu kabla hatujaenda porini. Na kwamba mtoto wa umri ule anaweza kuanza kufundishwa kuweka kisigino chini. Msimu ujao atakwenda naye porini, abebe maji.

"Na mimi, Baba?"

Alishika kamba ya kitanda, akaivuta, akaona imekaza, akaiachia.

"Wewe utabaki nyumbani," akasema. "Wewe na mama yako mtatusubiri."

Jogoo wa jirani aliwika, na ng'ombe walikuwa wanasukumana zizini wakitaka kutolewa. Nilitazama nyuma ya zizi, kwenye ile ardhi aliyoiacha bila kulimwa, kisha nikamtazama yeye. Alikuwa amesimama wima, mikono imelegea, anangoja jibu.

"Wa ukutani," nikamwambia. "Rebeka hulala upande wa ukutani."